Chupa ya maji na bendeji

Tusisahau viwanja vya vumbi vya Dilala, Kongo. Pale kijana akiteguka kifundo, anayemkimbilia ni mtu mwenye chupa ya maji na kopo la dawa ya kuchua; anavuta mguu, anafunga bendeji, mpira unaendelea. Kesho yake mguu umevimba kama boga.

Marekani mtu wa kazi hiyo ya kuhudumia wachezaji wanaoumia uwanjani husoma hadi shahada ya pili, kisha hufanya mtihani wa bodi. Tarehe 2 Januari 2023, moyo wa mchezaji Damar Hamlin uliposimama uwanjani Cincinnati, Denny Kellington, mwenye taaluma hiyo, ndiye aliyemkandamiza kifua.

Kongo, taaluma iliyo karibu na hiyo ni kinesiterapi, yaani tiba ya viungo. Husomwa katika chuo cha ISTM Kinshasa, na kutoka Dilala, Kinshasa si karibu kama Lubumbashi, useme utapanda basi asubuhi!