Namba ya Maabara Isimnyime Mgonjwa wa Saratani ya Umio Upasuaji

Katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, huwapata watu wengi kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za dunia. Aghalabu mgonjwa hufika hospitali ya rufaa akiwa hawezi tena kumeza ugali. Wengine hata uji huwashinda. Kwa wachache ambao uvimbe wao bado waweza kuondolewa, ndugu huuliza jambo moja: akipasuliwa, ataishi?

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa katika kina cha uvimbe na kuenea kwake kwenye tezi. Siku hizi damu nayo huulizwa. Kipimo kinachotajwa sana ni cha bei nafuu, na mara nyingi tayari kimo katika faili: picha kamili ya damu. Hesabu ya chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hugawanywa kwa hesabu ya limfosaiti. Mwenye nyutrofili 6.0 na limfosaiti 1.5 ana uwiano wa 4. Nyutrofili huongezeka mwili unapokuwa katika mchochota, ilhali limfosaiti ni miongoni mwa askari wanaoitambua saratani na kuishambulia. Tafiti nyingi za Asia na Ulaya zimeuhusisha uwiano mkubwa kabla ya upasuaji na maisha mafupi baada yake. Albumini iliyo chini ya gramu 35 kwa lita imehusishwa vivyo hivyo.

Hayo hayana ubishi mkubwa. Hatari huanza pale namba hiyo inapogeuzwa mlango wa kumfungia mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Kwanza, watafiti wenyewe hawajakubaliana mstari uchorwe wapi: wengine huuchora kwenye 3, wengine kwenye 5. Pili, mistari hiyo ilichorwa kwa damu za watu wengine. Waafrika wengi wamerithi hali ya kutokuwa na kitambulisho cha Duffy kwenye chembe zao nyekundu, na kwa sababu hiyo nyutrofili zao huwa chache katika damu bila ugonjwa wowote. Kwa mtu kama huyo uwiano wa 2.5 huenda ukaonekana salama kumbe sivyo. Kwa upande mwingine, malaria kali, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI huweza kushusha limfosaiti, na deksamethasoni hupandisha nyutrofili ndani ya saa chache. Mgonjwa aliyechomwa sindano hiyo jioni akapimwa damu asubuhi atahesabiwa kuwa na saratani mbaya kuliko aliyo nayo.

Albumini inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomgusa mgonjwa wa umio kila siku. Hushuka kwa sababu ya mchochota, na mtu asiyemeza kwa miezi miwili ana njaa juu ya ugonjwa. Namba hiyo basi ichukuliwe kama wito wa kumlisha: kwa mrija uliopitishwa puani au kwenye utumbo mdogo, kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kisu, iwapo amedhoofika sana. Asitarajiwe kupanda haraka, maana nusu ya albumini huchukua takribani siku 20 kuondoka katika damu. Uzito na nguvu za kutembea huenda zikasema zaidi. (Kumtundikia chupa ya albumini ili karatasi ipendeze hakuponyi chochote.)

Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa kwamba uwiano huzungumzia kundi la watu, na kwamba ndani ya kundi lenye uwiano mkubwa wapo wanaoishi miaka mingi. Kumtajia miezi aliyobakiza kwa kutazama karatasi ya damu ni makosa.

Hospitali zinazofanya upasuaji huu katika ukanda wetu zina majibu hayo ya damu kabatini. Kinachokosekana ni kuandika kando yake mgonjwa alikuwa na maambukizi gani, alikuwa ametumia dawa gani, na kumfuatilia mwaka mmoja, miwili, mitatu baada ya kutoka wodini, hata kwa simu tu.