Huduma Ziwafuate Walemavu Puge

Shule ya viziwi ilipofunguliwa Tabora mwaka 1963, ya kwanza nchini, mzazi wa Puge alipata tumaini. Lakini ilimbidi mtoto wake auhame mji wao ili asome. Hadi leo wapo watumishi wanaomwona mlemavu kuwa mtu wa kupelekwa mahali na kuamuliwa mambo.

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Fungu hilo si sadaka. Afisa akishakata shauri kwamba wasioona wote wafuge kuku, mkopo umegeuka amri. Pengine mwombaji anataka cherehani, au genge kando ya barabara ya Nzega–Tabora, ambako wateja hawakosekani. Yeye ndiye atakayelipa deni, achague yeye.

Kwa hiyo fomu zipatikane na kujazwa katika ofisi ya kata, si Nzega mjini tu. Asiyeona asomewe kila sharti kabla ya kutia dole gumba, na kiziwi apatiwe mkalimani. Walimu, ambao wanazijua kaya zenye watoto waliofichwa ndani, wapeleke taarifa kwa afisa maendeleo ya jamii kabla ya muhula kuanza.