Nyama ya Idi Katika Friza



Mwaka juzi nilitia friza mapaja mazima ya mbuzi wa udhuhiya, kwa uchovu wa siku ile. Wageni walipokuja nililitoa moja na kuliacha jikoni usiku kucha. Kulipokucha, nje limevunda na ndani lingali jiwe la barafu. Nyama ya ibada ikaishia kufukiwa shimoni, na jirani yangu alikuwa na watoto wanane.

Basi fungu la maskini na la jamaa litoke mwanzo. Katazo la kuweka nyama hii zaidi ya siku tatu liliondolewa, lakini haki ya mwenye njaa haikuondoka nalo.

Iliyobaki ipoe ndani ya friji hadi kesho yake, kwani ikigandishwa ingali na joto hukakamaa. Usiioshe; ipanguse tu. Kisha ikate kwa kadiri ya chungu kimoja: nusu kilo ya mchuzi, kilo yenye mifupa ya pilau. Kima itandazwe iwe bapa, ipate kuganda upesi, nayo ipikwe kabla ya miezi minne. Andika tarehe. Maini na figo ni za siku ile ile.

Fungu la kesho lishushwe usiku ndani ya friji, katika bakuli, lisichuruzikie kachumbari.

Na umeme ukikatika, friza iliyojaa huhifadhi baridi yake kiasi cha saa 48, maadamu haikufunguliwa. Wakanyeni watoto wanaotafuta barafu.