Kalenda ya Maji

Aghalabu, linapozuka suala la maji huku kwetu Madale, Dar es Salaam, mazungumzo huwa na pande mbili zisizokutana: upande mmoja hunadi kwamba kazi kubwa imefanyika, na wa pili huapa kwamba hali ni ile ile ya juzi na jana, na ajabu ni kwamba pande zote mbili husema bila ya daftari.

Tuanze na tarakimu, kwa kuwa insafu yataka hivyo. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976, ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na ule wa Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196; hali wakazi wa Dar es Salaam, baina ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Uwezo wa mitambo, basi, umezidi kwa zaidi ya robo tatu, ilhali watu hawakuzidi hata kwa robo moja, na mwenye kukana kuwa hiyo ni hatua amedhulumu.

Lakini maji ya mtamboni si maji ya mtungini. Njiani mabomba hupasuka, miinuko huyakaidi, na Mto Ruvu wenyewe hupungua, kama tulivyoshuhudia mwishoni mwa 2022, ukame ulipotuletea mgao.

Jikoni kwangu pana kalenda ya ukutani: siku bomba likitoa maji naitia duara kwa penseli, siku nikinunua ya boza naitia mkato. Jirani yangu alipoapa kuwa hakuna kilichobadilika, nilimwonyesha, tukahesabu miduara ya Julai ya mwaka jana na ya mwaka huu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe yameongezeka, dada, ila yanatoka usiku wa manane, sisi tumelala.” Nalo hilo nikaliandika pembeni, kwani hiyo ndiyo kadhia ya kudai sasa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na maendeleo nayo ni mali. Atuahidiye heri na ataje mapema kipimo chake, nacho kipimwe bombani kwa mlaji, si mtoni peke yake. Nasi tusilalame wala kushangilia kwa kukisia. Nawe msomaji, kalenda ya mwaka jana usiijalidie madaftari ya watoto. Ihifadhi: ndiyo shahidi wako.