Bolti ikikufia mkononi, usimfiche mwenye gari

Wiki hii naomba tuwaache kidogo wapenzi wanaogombana, twende gereji. Msinikimbie, maana huko nako mambo ni yale yale: kuna aliyeharibu, kuna anayetaka kuficha, na kuna atakayelia baadaye.

Basi bwana, mshikaji wangu mmoja ana Mini Cooper S, zile za 2002 hadi 2006 zilizotengenezwa Oxford, Uingereza. Kigari kidogo, lakini usikitanie. Injini yake ni ya lita 1.6 tu, ila kimefungwa supachaja aina ya Eaton M45, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini. Tabo husukumwa na moshi wa ekzosi, lakini supachaja huzungushwa na belti. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta inaitika hapo hapo, tena kwa mlio mkali wa kuwageuza watu shingo kituoni.

Sasa vijana wa mjini mnawajua. Gari ikikimbia, wao wanataka ipae. Mshikaji akasikia kwamba ukiitoa puli ya supachaja na kuweka nyingine iliyo ndogo kwa asilimia 15, gari inaongezeka nguvu. Hakudanganywa. Ni hesabu ya baiskeli: gia ya nyuma ikiwa ndogo, gurudumu linazunguka upesi zaidi kwa pedali zile zile. Puli ikipungua kipenyo kwa asilimia 15, supachaja inazunguka haraka kwa karibu asilimia 18 zaidi. Hewa inaongezeka, petroli inaongezeka, nguvu zinaongezeka. Joto nalo linaongezeka, ila hilo kijiweni hawalitaji.

Kazi yenyewe si ya kitoto. Puli ya kiwandani haikufungwa kwa nati, imekandamizwa kwenye shafti, na inatoka kwa pula maalumu. Ili pula ipate nafasi, unaishikilia injini kwa jeki na kipande cha ubao, unafungua maunti ya upande ule, halafu unaisogeza injini kidogo juu au chini. Bolti zinazofunguliwa ni nyingi, na penye bolti nyingi, ya kufa haikosi.

Siku hiyo puli ilitoka salama na mpya ikakaa. Balaa lilikuja wakati wa kurudishia. Fundi kijana aliyekuwa kazini alikuwa na haraka, jioni ilishaingia. Bolti moja inayoshika bano kwenye alumini iliingia upande. Badala ya kuitoa na kuanza upya, akaweka racheti. Ikagoma. Akaongeza kipande cha bomba kwenye mpini. Ikagoma tena, halafu ghafla ikawa laini kama inazunguka kwenye siagi.

Aliyewahi kushika spana anaujua ulaini huo. Bolti ikilegea ghafla wakati unakaza, haijakubali, imekufa. Kijana akaichomoa, na kwenye meno yake vikatoka vijisinga vyeupe vya alumini. Hizo ndizo nyuzi za tundu, zile ambazo mafundi wengi wanaziita tredi. Zote zimekuja na bolti.

Mwenye gari alikuwa ameenda kununua soda. Kijana akanigeukia mimi, sauti ya chini.

"Kaka, hamna noma. Naweka gundi ya chuma, naibana, hagundui mtu."

Nikamuuliza, "Kwani hiyo bolti inashika nini?"

"Bano tu la upande wa belti."

Bano tu! Wasomaji wangu, kwenye Mini hizi belti hiyo haizungushi supachaja peke yake. Inazungusha pia altaneta, na pampu ya maji imeungwa nyuma ya supachaja hiyo hiyo. Bano likicheza, belti inakwenda upande. Belti ikiruka, betri haichajiwi na maji ya kupoza injini yanasimama. Pata picha uko barabara ya Morogoro usiku, mchumba kiti cha mbele, mshale wa joto unapanda na wewe unadhani ni muziki unaokutoa jasho. Ukichelewa kuzima, silinda hedi inapinda.

Mzee mwenye gereji alikuwa benchi la pili, na masikio ya mzee hayazeeki. Akaja taratibu, akaichukua ile bolti na kuiangalia.

"Kijana, gundi hiyo itashika mpaka injini ipate moto. Kamwite mwenye gari."

Kijana akaenda, miguu mizito kama anapelekwa polisi. Mshikaji alivyoambiwa akanuna, akapiga mruzi, akanuna tena. Halafu akauliza swali la maana: "Sasa Mzee, inatengenezeka?"

Inatengenezeka, tena vizuri. Mzee alitueleza hivi, nami nawapeni bure.

Kwanza, tazama nyuzi zimeumia kiasi gani. Kama ni uchafu au zimelala kidogo mwanzoni tu, zinanyooshwa kwa tapu ya saizi ile ile, taratibu, kwa mkono. Kama za juu zimekufa lakini ndani bado kuna nzima za kutosha, bolti ndefu zaidi inaweza kuokoa. Ila pima kina cha tundu kwanza, maana bolti ikigonga mwisho wa tundu itakudanganya kwamba imekaza.

Kama zimekufa zote, hapo ni kuweka nyuzi mpya. Njia maarufu ni koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ile ya Helicoil. Tuseme bolti ni ya M8, yenye nyuzi za milimita 1.25. Unapanua tundu kwa drili ya milimita 8.3, ukiishika wima kabisa. Kisha unapiga tapu inayokuja na koili hizo, si tapu ya kawaida ya M8. Kwenye alumini mafuta ya taa yanafaa kulainishia. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vumbi la chuma likatike. Ukisukuma mbele tu tapu itakatikia ndani, na hapo kilio kinakuwa kipya.

Safisha tundu kwa upepo, macho yawe na miwani. Zungusha koili iingie mpaka izame kidogo chini ya uso wa tundu, robo hadi nusu mzunguko. Kile kikia kidogo cha chini unakigonga kinavunjika, unakitoa. Kwisha. Bolti ile ile ya M8 inarudi mahali pake, na sasa inakaa kwenye chuma badala ya alumini laini. Tundu lililotengenezwa hivyo linaweza kuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Penye kufunguliwa mara kwa mara, wengine hupenda bushi nzima yenye nyuzi, nayo ni nzuri zaidi ingawa bei yake ni kubwa.

Cha kushangaza, Mzee hakuifanya kazi hiyo mwenyewe. Alimpa kijana tapu mkononi, akasimama pembeni. Kijana alitoka jasho, lakini alisogea mbele nusu, nyuma robo, mbele nusu, nyuma robo, mpaka mwisho. Bolti iliingia kwa vidole kama inateleza kwenda kulala. Mshikaji akaacha kununa, na soda ya tatu akampa yeye.

Ninyi mnaopenda kujifungia magari wenyewe siku ya Jumapili, shikeni haya. Kila bolti ianze kwa vidole, kamwe isianze kwa mashine. Izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie inadondoka kidogo, ndipo uielekeze mbele. Hapo imeshika njia yake. Ikigoma kabla haijafika, itoe. Tundu lisilotokea upande wa pili usilijaze mafuta, maana bolti itayakandamiza na inaweza kupasua alumini. Bolti ndefu ya pula nayo ipakwe grisi ya kutosha, kwani ikikauka inakula nyuzi zake yenyewe. Mwisho kaza kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari, si kwa kipimo cha hasira.

Halafu kuna lile jingine, ambalo halipo kwenye kitabu cha gari. Mafundi vijana, najua mnaogopa. Mteja atapiga kelele, siku itaharibika, labda utakatwa posho. Lakini bolti iliyofichwa haibaki gereji, inaondoka na mtu. Kuna mama wa watu ndani ya gari lile, kuna mtoto anapelekwa shule. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini haujengwi kwa soda tatu.

Na ninyi wenye magari, msikilizeni fundi anayewaletea habari mbaya mapema. Ukimtukana leo, kesho atanunua gundi.

Mini ya mshikaji inatembea, tena inalia ile mbaya. Yeye mwenyewe kanitangazia kwamba sasa anataka puli ndogo zaidi. Nimemwambia aanze kwanza kuzoea hii aliyonayo, lakini nyie si mnawajua vijana wa mjini?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.