Tai za kizamani: usilaze mtaji

Wapo wauzaji wa nguo wanaoamini kuwa tai za kipepeo na kravati, kile kitambaa kipana cha shingoni kinachochomekwa ndani ya shati, zinarudi sokoni, na kwamba atakayewahi kununua marobota ndiye atakayevuna. Tunawashauri wasivunje vibubu kwanza.

Ni kweli mtindo wa zamani huweza kufufuka. Suti ya Kaunda imerudi kwa kishindo nchini Kenya baada ya Rais William Ruto kuivaa mara kwa mara, hata Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku ndani ya Bunge la Taifa mwezi Novemba 2023. Lakini tuangalie kilichorudi: ni vazi lisilohitaji tai kabisa.

Katika masoko makubwa nako dalili si nzuri. Nchini Marekani, chama cha watengenezaji wa tai kilichoanzishwa mwaka 1947 kilivunjwa mwaka 2008 baada ya wanachama kupungua. Benki ya Goldman Sachs ililegeza masharti ya mavazi kwa wafanyakazi wake mwaka 2019. Uingereza, mwaka 2022, iliiondoa suti ya kiume kwenye orodha ya bidhaa zinazotumika kupima mfumuko wa bei. Suti ikipungua, tai itaning'inia wapi?

Kwa maoni yetu, tai ya kila siku ya ofisini haitarudi kama ilivyokuwa. Ukiacha tai za sare za shule, ambazo zina msimu wake, iliyobaki ni tai ya shughuli: harusi, mahafali, kwaya. Huko tai ya kipepeo inauzika, ila mteja hanunui uzamani wake. Ananunua rangi inayolingana na nguo za bibi harusi na wasimamizi. Robota halichagui rangi.

Hapo ndipo fundi mwenye cherehani anapomshinda mwagizaji. Fundi hukata tai ya kipepeo kutoka kwenye kipande kilichobaki baada ya kushona gauni. Rangi inalingana, na kitambaa kimekwisha kulipiwa.

Tuseme una shilingi 500,000. Ukizitia zote kwenye tai na kuuza nusu tu kwa mwaka mzima, zilizobaki hazitaoza, lakini pia hazitalipa pango. Huo ni mtaji uliolala.

Anayetaka kuijaribu biashara hii aanze na sampuli chache, aelewane na fundi mmoja, azifikie kamati za harusi mapema na kuchukua malipo ya awali kabla ya kukata kitambaa. Kravati aishone kwa oda tu. Mitindo ina mizunguko yake, lakini mwenye nyumba hudai kodi kila mwezi.