Kama huwezi kula maini ya kuku wako, usituuzie

Leo siongelei bei ya vifaranga. Naongelea maini.

Mwezi uliopita nilipita kwa kijana mmoja wa kata yangu anayefuga kuku wa nyama. Banda safi, maranda makavu, kuku 400 wamefika wiki ya sita na mteja wa hoteli anawasubiri. Akachinja mmoja kwa ajili yangu. Mke wake, mjamzito wa miezi sita, akatenga maini na firigisi pembeni. Nikajua vinaenda sufuriani, kumbe vinaenda kwa mbwa. Nikauliza kulikoni. Kijana akacheka: "Bwana mifugo, hayo si ya kula, juzi tu nimemaliza kuwapa dawa ya mafua."

Dada yule alikuwa ametoka kliniki siku chache nyuma, kaambiwa damu yake iko chini. Na kuku wote walikuwa wanaondoka kesho yake asubuhi.

Sikulala vizuri usiku ule.

Tuanze na kile kilichoenda kwa mbwa. Gramu 100 za maini ya kuku zina kama miligramu 9 za madini ya chuma. Kidari cha kuku huyohuyo hakifiki miligramu 1. Chuma hicho cha nyama mwili unakichukua kirahisi kuliko cha mchicha. Maini ya ng'ombe yana vitamini B12 zaidi ya mara 20 ya anayohitaji mtu mzima kwa siku. Bandama ndiyo kiboko, kwa chuma inayapita maini mara nyingi, lakini machinjioni huku kwetu nani anaiulizia? Tunagombania steki, halafu tunanunua dawa za kuongeza damu.

Kwa mama mjamzito kuna tahadhari. Maini yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Gramu 100 tu za maini ya ng'ombe zinavuka kiwango cha juu cha siku, ambacho ni mikrogramu 3,000. Kwa hiyo yeye nilimwambia ale firigisi na moyo, ameze vidonge vya kliniki bila kuruka, na chai aiweke mbali na mlo. Wengine nyumbani, maini mara moja kwa wiki yanatosha. Mwenye jongo ajizuie.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo ugomvi wangu na nyinyi ulipo. Kijana alikuwa sahihi kuogopa maini. Ini na figo ndivyo vinavyoshughulika na dawa, kwa hiyo mabaki hujaa huko. Kwa OTC, viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama ya kawaida, 600 kwenye ini, 1,200 kwenye figo. Lakini damu inayopita kwenye ini ndiyo inayopita kwenye paja! Ukiona maini hayafai kwa mkeo, hilo paja unampelekea nani? Na usiniambie moto utaondoa. Kupika hupunguza baadhi ya mabaki, hakuyamalizi.

Nikubali kosa langu pia. Miaka mingi nimefundisha dozi, chanjo, joto la banda. Zile siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho nilikuwa nazitaja mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshasimama kuondoka. Zimeandikwa kwenye lebo na zinatofautiana dawa kwa dawa. Sindano za OTC za muda mrefu kwa ng'ombe huwa hadi siku 28. Andika tarehe ya dozi ya mwisho ukutani bandani, kwa mkaa kama huna kalamu.

Kwa wenye mbuzi na ng'ombe, mwacheni mkaguzi wa nyama apasue ini. Mirija ikiwa imekuwa migumu, au minyoo bapa imo ndani, basi mifugo yako inanywa maji ya madimbwi yenye konokono, na umepata taarifa ya shamba bure. Ukikuta malengelenge yenye maji kwenye ini au mapafu, usimtupie mbwa. Atapata minyoo ambayo mayai yake yatarudi kwa watoto wako kupitia kinyesi chake. Choma au fukia chini sana.

Yule kijana alimpigia mteja wake simu mbele yangu. Kuku walikaa siku 5 zaidi, wakala karibu mifuko 7 ya chakula, na alilalamika kila siku. Siku ya kuwatoa alinitumia picha: sahani ya firigisi rosti na ndizi, mkono wa mkewe pembeni.